Mtoto Aliyeshiba Upesi

Mtaani alijulikana kama Bi Sindano, ingawa hakuna aliyethubutu kulitamka jina hilo mbele yake. Wapo waliosema alipewa kwa sababu ya kazi, maana alikuwa akishona sare za shule tangu mumewe angali hai. Wapo waliosema ni kwa ajili ya mgongo wake, ulionyooka kama umetiwa chuma hata alipokuwa anakanyaga cherehani. Na wapo, hasa wale waliowahi kulalamikia pindo, waliosema ni ulimi. Mwenyewe alikuwa na habari nalo na halikumuudhi. Sindano ni kitu safi, alijiambia, na ikipita mahali kazi yake huonekana.

Alikuwa mjane aliyesoma, na hili mteja alilijua kabla hajatajiwa bei. Alimaliza shule wakati wasichana wengi walikuwa wanakatishwa njiani, na marehemu mumewe alikuwa karani wa mahakama, mtu wa koti na kalamu mbili mfukoni. Picha yake ilitundikwa juu ya meza ya kukatia vitambaa, na kutoka pale aliwatazama wateja kama mtu aliyeletewa karatasi isiyotiwa sahihi. Watoto wao walifaulu wote. Watu waliiita nyumba ile nyumba ya wasomi, na Bi Sindano hakuwahi kuwakatalia.

Mjukuu aliletwa akiwa na miaka minne. Alikuwa wa binti yake kitindamimba, aliyefanya kazi kwenye mashamba makubwa ya mbali. Huko mtoto aliachwa kutwa kwa walezi waliompa uji mwepesi kama maji ya kusuuzia vyombo. Akaugua, akapona, akaugua tena. Mpaka binti anapata ruhusa ya kumleta kwa bibi yake, shingo ilikuwa nyembamba kama bua na macho yalikuwa yameujaza uso. Wiki ya kwanza alikaa chini ya meza akichambua vifungo, vyeupe huku, vyeusi kule, bila kusema neno. Bibi akamwita Kifungo, na jina likamganda.

"Karibu, mke mwenzangu," alimwambia kwa utani wa bibi na mjukuu. "Humu tunakula, tunaoga, na hatulii mteja akiwepo."

Akaanza kumlea kama alivyowalea wanawe. Kwanza maamkizi. Kisha namna ya kukaa ukiwa na gauni. Kisha, jambo alilolipa uzito kuliko yote, namna ya kula ugenini: kwa watu unaonja tu. Ukipewa chakula unapokea, unakula vijiko viwili vitatu, unaweka kijiko chini na kusema, "Nimeshiba, asante." Hata kama tumbo linapiga ngoma, unasubiri kwenu. Hakuna mtu atakayesema watoto wa karani hufunguliwa asubuhi kama kuku wakajitafutie. Kifungo, ambaye mambo mengine yalimchukua muda, hili alilishika upesi mno, na bibi akafurahi kuona damu ya ukoo inaanza kuonekana.

Mambo mengine, kwa kweli, yalimchukua muda. Alipelekwa chekechea, na kabla muhula haujaisha mwalimu wake, mwanamke mwenye sauti ya kukwaruza kwa ajili ya kuimba na watoto kutwa nzima, akamwita bibi pembeni.

"Mama, mjukuu wako ana adabu sana," akaanza, na Bi Sindano akajua mara moja kwamba linakuja jingine. "Ila analala. Wenzake wakihesabu, yeye kichwa kiko ukutani. Leo ukimfundisha rangi, kesho zimefutika. Mwisho wa mwaka Mwalimu Mkuu wa shule ya msingi anakuja kuwaona wanaopanda darasa la kwanza. Kama hali ni hii, sina budi kubaki naye mwaka mwingine."

"Kubaki naye?"

"Na wadogo, Mama. Si adhabu."

Bi Sindano alirudi nyumbani akaweka mkono wa shati nyuma mbele, kosa ambalo hakuwahi kulifanya tangu awe mwanafunzi wa ushonaji. Habari zilikuwa zimemtangulia. Wifi yake, dada wa marehemu, alikuja kunywa chai na kumpoza kwa namna yake.

"Usijisumbue, wifi," alisema akikoroga sukari. "Labda amechukua upande wa baba yake. Kwetu sisi hakuna mzito wa akili."

"Kunywa chai, wifi, itapoa," alijibu Bi Sindano. Lakini neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Aibu alikuwa amezoea kuikabili. Kilichomtia hofu ni kwamba huenda lilikuwa kweli: huenda mtoto huyu angekaa hivi hivi maisha yake yote, mpole, msafi, akitazama maneno yanavyompita.

Nesi wa kliniki ndiye aliyempa sababu nyingine ya kufikiria. Alikuja chekechea na utepe wa kupimia mikono ya watoto, ule wenye kijani, njano na nyekundu, na wa Kifungo ukaishia njano, yaani lishe haitoshi. Bi Sindano akaitwa. Nesi alikuwa binti wa juzi tu, na sare zake za shule alikuwa ameshonewa na huyu huyu aliyekaa mbele yake sasa na mkoba magotini.

"Mkono wa mtoto huyu ni wa babu yake," alisema Bi Sindano kabla hajaulizwa. "Wembamba ni wa ukoo."

"Babu naye alikuwa njano?"

"Usinichekeshe, nimekuja nimekasirika. Nyumbani kwangu chungu hakijalala kitupu tangu niolewe."

"Nani asiyejua, Mama? Mimi mwenyewe nimekula kwako nikingoja kola. Sisemi ya leo, nasema ya nyuma. Huyu aliugua na kukosa lishe wakati mwili na ubongo vinajengwa. Sasa chakula cha kawaida kinamrudisha, lakini polepole. Nataka tumwongezee hiki."

Akaweka mezani pakiti ndogo ing'aayo. Ndani yake, alieleza, kulikuwa na karanga zilizosagwa na maziwa na mafuta, pamoja na vitamini na madini ambayo mwili mdogo huyahitaji kidogo lakini haukai bila hayo. Pakiti moja kila siku, aimalize yote, na chakula cha nyumbani kiendelee.

Bi Sindano aliigeuza mkononi. "Kitamtia akili?"

"Akili anayo. Mtoto aliyepungukiwa huchoka, Mama. Neno la kwanza analisikia, la tatu limekwenda zake. Akipata nguvu atakaa macho, na akikaa macho atajifunza. Wengine hubadilika sana, wengine kidogo, sitakudanganya. Na karanga peke yake haisemi na mtoto. Lazima uzungumze naye, acheze, aulize maswali."

"Basi nitakuomba jambo moja. Pakiti hizi hazitaingia nyumbani kwangu."

"Kwa nini, Mama?"

"Chumba changu cha kazi kimeelekea barabarani," alisema Bi Sindano. "Wanawake wanaingia na kutoka. Pakiti hii kila mtu anaijua. Wakiiona, jioni mtaa mzima utakuwa unasema mjukuu wa karani analishwa na kliniki. Mwalimu ampe huko huko, saa nne, wenzake wakinywa uji."

Hivyo ndivyo ilivyopangwa. Mwalimu akakubali, ingawa alikuwa na watoto wengi kuliko mikeka. Pakiti zikakaa kabatini kwake, na kila saa nne Kifungo akawa anapewa yake na kijiko. Jioni bibi alimuuliza, "Umekula?" na Kifungo akajibu, "Nimekula, Bibi," na huo ulikuwa ukweli mtupu.

Muhula ukaisha, mwingine ukaanza. Utepe ukarudi, ukasoma njano. Mtoto aliendelea kulala mkekani. Nesi alimuuliza mwalimu kama mtoto anamaliza pakiti yake, na mwalimu akasema anakula vizuri, hajawahi kumsumbua hata siku moja. Nesi akamgeukia bibi, aliyekuwa ameitwa tena, na kumuuliza, kwa sauti ya chini sana, kama nyumbani chakula kinatosha. Swali hilo lilimwondoa Bi Sindano bila kuaga.

Alipofika nyumbani alikaa kwenye cherehani bila kukanyaga. Kwa hiyo wifi alikuwa amesema kweli. Dawa imeshindwa, na dawa ikishindwa kinachobaki ni mtoto mwenyewe. Akamtazama Kifungo, aliyekuwa amesinzia juu ya rundo la vipande vya vitambaa, mdomo wazi kidogo, na akafanya jambo asilolifanya mara nyingi: alimwombea mbele ya picha ya babu yake, kana kwamba karani angeweza kulipeleka ombi mahali panapohusika.

Jumamosi moja akaingia mama anayeuza mkaa mwisho wa mtaa. Huyu wote walimwita Mama Mkaa, na bintiye, aliyekaa mkeka mmoja na Kifungo, aliitwa Tonge kwa jinsi alivyoviringika. Mama Mkaa alibeba gauni la shule lililopasuka ubavuni.

"Bibi Kifungo, shikamoo! Nifungulie mshono huu. Mtoto kanenepa, nguo inamkimbia."

"Marahaba. Nguo haikimbii, inapasuka," alisema Bi Sindano akivaa miwani. Alipima kwa jicho. "Hili nililishona mwaka huu huu. Unamlisha nini, mkaa?"

Mama Mkaa alicheka mpaka akashika ukuta, na ukuta ukabaki na alama ya vidole. "Simlishi mimi! Analishwa na mjukuu wako! Nilitaka siku zote nije nikushukuru, nikawa naona haya. Yaani yale malezi yako, Mama, Mungu akuzidishie. Tonge ananisimulia kila siku. Mjukuu wako akipewa ile karanga ya pakiti, anaonja vijiko viwili, anaweka kijiko chini vizuri, anasema, 'Nimeshiba, asante,' na kilichobaki anamsogezea mwenzake. Kila siku! Katika watoto wa siku hizi! Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo."

Kwa dakika nzima Bi Sindano alifurahi. Alikaza mgongo, akakubali sifa kwa kuinamisha kichwa kidogo, kama afanyavyo mtu aliyezoea kusifiwa. Mkasi ulikuwa tayari umeingia kwenye mshono. Kisha mkasi ukasimama.

"Vijiko viwili," alisema.

"Viwili, vikizidi vitatu. Na Tonge wangu, wewe unamjua, hasemi nimeshiba hata akiwa usingizini. Amekuwa mwepesi wa hesabu huyo! Jana amenihesabia magunia yote, mpaka la jirani."

Bi Sindano aliweka gauni mezani, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kifungo! Njoo hapa, mama."

Mtoto akatoka chini ya meza.

"Ile pakiti ya shuleni. Mbona humalizi?"

Kifungo alimtazama bibi yake kwa mshangao wa mwanafunzi aliyeulizwa swali ambalo mwalimu mwenyewe ndiye aliyempa jibu lake. "Kwa watu tunaonja tu," alisema.

"Na tumbo je, huwa limeshiba?"

Mtoto akafikiri. "Hapana. Lakini huwa nasema limeshiba."

Mama Mkaa aliziba mdomo kwa mkono. Bi Sindano aliuweka mkasi juu ya gauni. Akili ya mtoto huyu, ile aliyoililia, ilikuwa imeshika somo gumu kuliko rangi na namba, ikalishika huku tumbo likinguruma, kila saa nne, bila mtu kumsimamia. Tena asingelishika hata mara moja kama pakiti zingelikuwa nyumbani, maana nyumbani sheria ilikuwa nyingine: nyumbani sahani hurudi nyeupe. Nani aliyezikataza zisije nyumbani? Hakuwa na haja ya kumuuliza mtu.

"Mama Mkaa," alisema hatimaye, "gauni la Tonge nitalitanua bure. Lakini aage karanga."

"Ai! Mtoto wangu atakonda!"

"Ataweza kupita mlangoni. Kaa chini, nimalizie mshono."

Jumatatu alfajiri alikwenda kliniki, akamwomba nesi radhi kwa kuondoka bila kuaga, kwanza hilo, kwa sababu ndilo lililokuwa rahisi, kisha akamweleza yaliyobaki. Nesi alijitahidi asicheke, ikashindikana, na Bi Sindano akamwacha acheke. Alirudi na pakiti zake ndani ya kapu lisilo na mfuniko, akipita barabara kuu, mgongo wima. Aliyetaka kuona alimwona.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya ushonaji hasa: kufumua mshono mmoja bila kuchana kitambaa chote. Hakutaka mtoto aache adabu. Akamkalisha kwenye kiti kidogo kando ya cherehani, akampasulia pakiti.

"Kwa watu unaonja. Hilo liko pale pale. Lakini hiki si cha watu. Hiki ni chako, nesi amekiandika kwa ajili ya mkono wako huu. Unakimaliza."

"Na mtu akiniangalia?"

"Mwache aangalie."

"Na akiomba?"

"Mwambie aje kwangu, nimpime mkono."

Wakaja, kweli, wa kuangalia. Wifi alikuja, akakuta Kifungo analamba pakiti mpaka pembeni, barazani, mchana kweupe. "Wifi! Karanga za kliniki? Nyumba hii?"

"Ndiyo, wifi. Nyumba hii inafuata maelekezo ya kitaalamu," alisema Bi Sindano bila kuinua uso kwenye kazi. "Tumesoma sisi. Ungetaka tukatae elimu?" Na kwa kuwa wifi naye alijigamba kuwa amesoma, akaomba chai.

Nesi alikuwa amesema karanga haisemi na mtoto, kwa hiyo Bi Sindano alisema naye. Wakati wa kula alimwonyesha vitambaa: hiki cha buluu ni cha nani, na hiki kirefu kuliko kile kwa nini? Shati lina vifungo sita, kimoja kimeanguka, nimpe mteja shati au nimpe kifungo? Mwanzoni Kifungo alijibu kwa kutikisa kichwa. Baadaye kwa neno. Kisha siku moja, mteja mnene akiwa anapimwa kiuno, sauti ndogo ikauliza kutoka kwenye kiti: "Bibi, utepe ukiisha utaongeza na nini?" Bi Sindano alimwomba mteja msamaha kwa uso wa huzuni, na moyoni akatamani kucheza.

Mkono ulifika kijani kabla ya mvua. Usingizi wa mchana ulimwacha taratibu, kama mgeni anayeaga kila mlango. Rangi zilikaa. Namba zilikaa, kisha zikasahaulika, kisha zikakaa tena. Hakugeuka kuwa ajabu ya mji, na mwalimu alisema bado anahitaji kurudiwa jambo zaidi ya wenzake. "Nitamrudia," alisema bibi.

Siku ya Mwalimu Mkuu wazazi walikaa kwenye benchi nje ya darasa, chini ya dirisha lisilo na kioo. Watoto waliingia mmoja mmoja. Tonge alitoka akicheka, amepita. Kifungo akaingia, na Bi Sindano akaona mikono yake mwenyewe imekunja kona ya kitenge kama anataka kukipiga pindo.

Sauti nzito ya Mwalimu Mkuu ilisikika ikisimulia. Mtu alikuwa na mbuzi wake, akamfunga kwa kamba. Mbuzi akaila kamba, akatoroka. Mwenyewe akamtafuta, akamkuta kwa jirani, akamrudisha nyumbani, akamfunga kwa ile kamba. "Sasa, binti, nisimulie wewe."

Kimya. Mama Mkaa akamshika Bi Sindano mkono.

"Mwalimu," ikasema sauti ndogo, "ile kamba si aliila?"

"Eeh... alikula kipande tu."

"Hukusema kipande."

Bi Sindano alikuwa tayari amesimama. Katika nyumba yake hakuna mtoto aliyewahi kumsahihisha mwalimu. Wanawe, hata mwalimu alipokosea hesabu ubaoni, walingoja kengele na kwenda kumnong'oneza.

"Basi tuseme alikuwa na kamba nyingine," alisema Mwalimu Mkuu, na sauti yake haikuwa nzito tena kama mwanzo.

"Kama alikuwa nayo, kwa nini hakumfunga kwa zote mbili tangu asubuhi?"

Kicheko kikapasuka ndani. "Mwalimu, huyu ndiye uliyetaka kubaki naye?" Ikafuata sauti ya kukwaruza, ikijitetea kwamba hayo yalikuwa ya zamani. "Aje kwangu," alisema Mwalimu Mkuu. "Lakini subiri, binti. Wewe ungemfanyaje mbuzi huyu?"

"Bibi Kifungo," alinong'ona Mama Mkaa, "mtoto anabishana na Mwalimu Mkuu! Huendi kumzuia?"

Bi Sindano alikaa tena kwenye benchi, akajisogeza karibu zaidi na dirisha.

"Nyamaza wewe," alisema. "Nataka kusikia habari za mbuzi."